Filamu ya Feri, tamasha la New York na laki nne mkononi

*"Habari za kazi. Nimetengeneza filamu fupi ya kubuni, dakika 24, ya mama na binti wanaokaanga samaki pale Feri, soko la samaki la Dar. Nimeongoza mwenyewe. Skripti nimeandika na mwenzangu wa Upanga ambaye ni Mhindi, na mpiga picha ni kaka yangu. Nataka kuipeleka kwenye tamasha la New York la 'wanawake wa rangi', ila wenzangu wanasema hilo ni la Wamarekani Weusi na machotara, sisi wa huku halituhusu. Filamu ni ya Kiswahili. Ilikaa YouTube siku 11 ikiwa wazi, kisha nikaificha. Kuna taarabu inalia redioni kama sekunde 20. Mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp anasema nimpe laki tano atanihakikishia nafasi. Mimi nina laki nne tu. Nianzie wapi?"*

Dada, hongera kwa kuimaliza. Nikiyaunganisha maswali yako naona hofu moja: usije ukatumia laki nne zote kubisha hodi kwenye nyumba isiyo yako. Nyumba ni yako. Vitakavyoamua kama utafunguliwa ni sauti ya filamu, tafsiri ya maneno na karatasi za haki, na vyote vitatu vinatengenezwa hapa hapa Dar kabla hujalipa ada hata ya senti moja.

Tuanze na hilo jina, maana limewachanganya wengi. Maneno ya Kiingereza "women of color" ukiyageuza neno kwa neno yanakuwa "wanawake wa rangi", na sikio la huku linasikia chotara, au lile tabaka la "Coloured" lililowekwa na ubaguzi wa Afrika Kusini. Maana yake Marekani ni nyingine. Mwanaharakati Loretta Ross amesimulia kwamba jina lilikubaliwa mwaka 1977 mjini Houston, kwenye mkutano wa kitaifa wa wanawake. Wanawake Weusi walifika na ajenda yao, wenzao wa jamii nyingine zisizo za Kizungu wakaomba kuingia, likahitajika jina la kuwabeba wote. Ni jina la mshikamano, halipimi weusi wala weupe wa ngozi. Wewe umo, na mwenzako wa Upanga naye yumo.

Kama tamasha unalolisema ni Reel Sisters of the Diaspora, lilianzishwa Brooklyn mwaka 1997, na linafanya kazi ya kuonyesha filamu za wanawake hao. Sababu ya kuwepo matamasha ya namna hii ni nzito. Mwanamke Mmarekani Mweusi wa kwanza ambaye filamu yake ndefu ilisambazwa kwa upana kwenye majumba ya sinema ya Marekani ni Julie Dash, na filamu hiyo ni ya mwaka 1991. Fikiria sinema ya Marekani ilikuwa na umri gani wakati huo. Wanaopanga matamasha haya wanatafuta filamu ambazo milango mingine haikuzifungulia, na hadithi ya mama wa karai la samaki iliyotengenezwa na mtu anayeijua Feri ni riziki kwao.

Masharti ya nani anastahili hutofautiana. Baadhi wanataka muongozaji awe mwanamke. Wengine wanakubali pia mwandishi au mtayarishaji. Wewe umeongoza na kuandika, kwa hiyo kaka yako kushika kamera hakukuharibii kitu. Angalia tu majina ya mwisho wa filamu yaandikwe sawasawa na fomu. Filamu ikisema "imeongozwa na" watu wawili halafu fomu ikataja mmoja, maswali yataanza.

Huyo wa laki tano mwache. Tamasha la kweli haliuzi nafasi wala halina dalali. Unafungua akaunti mwenyewe kwenye FilmFreeway, tovuti ya kupelekea filamu kwenye matamasha, unajaza taarifa za filamu bure, na unalipa ada pale tu unapobonyeza kuwasilisha. Jihadhari pia na "matamasha" yanayotoa tuzo kila mwezi, yenye vipengele mia na zaidi, yasiyoonyesha filamu kwenye ukumbi wowote, kisha yanakuuzia cheti na kikombe. Ukiweka nembo zao kwenye posta yako hazikusaidii, na mteuzi mzoefu, yaani yule anayechagua filamu za tamasha, anazitambua kwa mbali.

Suala la YouTube lina majibu mawili, na nitakueleza yote bila kukuficha. Matamasha mengi hayadai filamu fupi iwe haijaonekana popote. Yanayodai hutaja kiwango: onyesho la kwanza duniani, la kwanza barani, la kwanza nchini au mjini. Soma sharti la kila tamasha, na palipo na swali, jibu ukweli: "iliwekwa wazi siku 11 kisha ikaondolewa." Jibu la pili ni gumu zaidi. Reel Sisters ni miongoni mwa matamasha ambayo mshindi wake wa filamu fupi ya kubuni anaweza kufuzu kushindania Oscar. Kanuni za Oscar zinataka filamu fupi isizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, na isiwe imeonyeshwa hadharani mtandaoni au kwenye televisheni kabla ya kufuzu, isipokuwa vipande visivyozidi asilimia 10 ya urefu wake. Kwako asilimia 10 ni dakika 2 na sekunde 24. Wewe uliweka nzima. Kwa hiyo kwa filamu hii njia ya Oscar ihesabu imefungwa, na kubadilisha jina hakufuti kilichotokea. Njia ya tamasha lenyewe bado iko wazi. Filamu ijayo weka trela tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitakaa zaidi kwenye tafsiri na sauti kwa sababu hapo ndipo filamu za kwetu zinapoanguka.

Mteuzi hajui Kiswahili, atasoma. Tatizo la Kiswahili ni kwamba kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima. Binti anapomwambia mama "Hawajatulipa", hiyo ni herufi 12 na anaisema ndani ya sekunde moja. Kiingereza chake, "They haven't paid us yet", ni herufi 24 ukihesabu na nafasi, mara mbili kamili. Kiwango kinachotumika sana ni herufi 17 kwa sekunde, hivyo msomaji anahitaji karibu sekunde moja na nusu. Ukiyatoa maandishi mara tu binti anapofunga mdomo, mteuzi atasoma nusu. Una njia mbili. Kama baada ya maneno kuna kimya, acha maandishi yabaki humo. Kama mama anajibu papo hapo, fupisha: "Still unpaid" inatosha, maana uso wa binti unasema yaliyobaki. Kwa ujumla usizidishe herufi 42 kwa mstari na mistari miwili kwa wakati mmoja, na kila andiko likae angalau sekunde moja.

Usiiachie mashine itafsiri halafu ukaipeleka hivyo hivyo. Wanawake wa Feri wanaitana "shoga", na mashine inaweza kulitafsiri neno hilo kwa maana ya shoga mwanamume. Mama akimwambia jirani "shoga yangu, leo samaki hakuna", mteuzi wa New York ataona sentensi inayobomoa onyesho zima. "Shikamoo" nayo iache ilivyo, au weka salamu fupi ya heshima. Ukifafanua asili ya neno, maandishi yanajaa na onyesho linapita. Mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri na aliyekulia Kiswahili cha Pwani asome faili lote huku filamu ikicheza. Akisoma kwenye karatasi tu hatagundua maandishi yanayopita mbio.

Maandishi ya tafsiri yatoke kama faili la SRT, yaani faili la maneno na nyakati zake, lililohifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, na uwe na kopi mbili za filamu: moja safi isiyo na maandishi yoyote, nyingine yenye maandishi yaliyochomelewa ndani ya picha kwa ajili ya kutazamwa mtandaoni. Watu wengi hufuta ile safi kwa kukosa nafasi kwenye diski, na siku wanapoombwa tafsiri ya Kifaransa hawana pa kuiweka.

Sauti. Picha yenye giza kidogo mtazamaji anaisamehe, lakini sauti mbovu inamchosha ndani ya dakika mbili. Na wewe umepiga picha mahali pagumu kuliko pote mjini: mnada, mawimbi, jenereta, upepo wa bahari, halafu karai. Karai ndilo adui mkubwa. Mafuta yanayochemka yanatoa mchirizo wa sauti kali za juu, na huko juu ndiko zinakokaa konsonanti kama s, f, sh na k, zinazotusaidia kutofautisha neno na neno. Ndiyo maana ukipandisha sauti ya maongezi mchirizo nao unapanda, na bado maneno hayasikiki. Programu ya kupunguza kelele ikitumiwa kwa nguvu inaondoa mchirizo pamoja na konsonanti, na mama anabaki akisikika kama anaongea ndani ya ndoo.

Fanya hivi. Vaa hedfoni, pitia filamu nzima, na andika dakika na sekunde ya kila sentensi ambayo wewe mwenyewe, unayeijua skripti, unaisikia kwa shida. Huenda zikawa nane au kumi. Sentensi hizo zirekodi upya: waigizaji wale wale, chumba kidogo chenye godoro ukutani na blanketi juu ya dirisha, feni imezimwa, friji imechomolewa, maiki umbali wa shubiri moja hadi mbili kutoka mdomoni. Rekodi kwa WAV, 48 kHz, biti 24. Muigizaji atazame kipande chake mara tatu, kisha aseme. Halafu rudi Feri alfajiri siku moja, rekodi dakika mbili za sauti ya mahali bila mtu yeyote kuongea karibu, na dakika mbili za karai peke yake. Hizo zilaze chini ya maongezi mapya. Bila sauti ya mahali, sentensi ya chumbani inasikika imebandikwa. Ondoa ngurumo zote chini ya 80 Hz, na kilele cha sauti kisivuke −2 dB.

Hapo ndipo ningetumia pesa za kumlipa fundi wa sauti, hata ikibidi kupunguza idadi ya matamasha. Filamu moja yenye sauti safi iliyopelekwa sehemu mbili ina nafasi nzuri kuliko ile ile yenye kelele iliyopelekwa sehemu sita.

Kuna jambo dogo la fremu, zile picha moja moja zinazounda mwendo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo kama kaka yako alipiga kwa fremu 25 kwa sekunde alifanya vizuri, taa hazitameti. Lakini kifurushi cha kawaida cha kwenye majumba ya sinema, kinachoitwa DCP, ni cha fremu 24. Dakika zako 24 ni fremu 36,000, na zikichezwa 24 kwa sekunde zinakuwa dakika 25 kamili. Picha inapungua kasi kwa asilimia 4, macho hayagundui, ila sauti za watu zinazama, kwa hiyo fundi arekebishe kimo cha sauti. Wasioelewa huacha programu itupe fremu moja kila sekunde, na kila mtu anayetembea anaonekana anajikwaa kidogo. Kifurushi hicho cha DCP usikitengeneze sasa. Subiri uchaguliwe, uliza kama wanapokea faili la kawaida la ProRes au MP4, na wakisisitiza DCP, kuna programu ya bure iitwayo DCP-o-matic inayoweza kukitengeneza.

Ile taarabu ya redioni nayo inahesabika. Hakuna sheria inayoruhusu sekunde saba, kumi wala thelathini bure. Huo ni uvumi uliozoeleka. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani mashairi na lahani, na ya rekodi yenyewe. Kwenye taarabu mtunzi wa mashairi mara nyingi si mwimbaji, na kikundi nacho kina neno lake. Kama ni rekodi ya enzi za Redio Tanzania, maktaba hiyo sasa iko TBC. Anzia Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, uulize nani amesajiliwa kama mwenye haki. Kisha upate barua yenye jina la wimbo, sekunde zinazotumika, jina la filamu, ruhusa ya maonyesho ya matamasha duniani kote, miaka mingapi, malipo kiasi gani, na sahihi. Ukiona mlolongo ni mrefu, ubadilishe. Mpate bibi au dada mwenye sauti, muimbe shairi mlilotunga wenyewe, mlirekodi, kisha mlipitishe kwenye spika ndogo ya redio. Kwa sekunde 20 zinazosikika nyuma ya karai, mimi ningefanya hivyo bila kusita, na bado akusainie karatasi.

Karatasi nyingine ni fupi kuzieleza: kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, ridhaa iliyosainiwa ya kila muigizaji, ya mzazi au mlezi kwa kila mtoto, na makubaliano ya maandishi kati yako na mwandishi mwenzako juu ya nani anamiliki nini. Hayo ya mwisho ndugu na marafiki huyaonea haya. Yaandikeni sasa, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Urefu nao una uzito wake. Filamu fupi hupangwa kwa mafungu, na fungu moja mara nyingi ni kama dakika 90. Ya dakika 24 inakula zaidi ya robo ya fungu, kwa hiyo inashindana na mbili za dakika 12. Sisemi uikate nusu. Tazama dakika tatu za mwanzo. Kama kuna nembo tatu, picha ya droni juu ya Daraja la Kigamboni na majina ya waigizaji kabla hatujamwona mama, ondoa vyote na uanze na kiberiti kinachowasha jiko. Majina yote yaende mwisho. Wateuzi wana filamu nyingi za kutazama, na mwanzo unaojivuta unawafanya wasogee mbele.

Hesabu yako ningeigawa hivi: 150,000 kwa fundi wa sauti, 80,000 kwa msomaji wa tafsiri, na ada mbili. Tuseme ada ni dola 30 na dola ni shilingi 2,600. Kila moja ni 78,000, mbili 156,000. Zinabaki 14,000 za bando, na utazihitaji, maana dakika 24 za MP4 kwa kiwango cha megabiti 12 kwa sekunde ni GB 2 na kidogo. Ada hupanda kadiri tarehe zinavyosogea, kwa hiyo wahi dirisha la kwanza. Kabla ya kulipa, waandikie waandaaji mwezi mmoja mapema ukiomba msamaha wa ada: sentensi ya kwanza filamu ni ya nini, ya pili wewe ni nani na uko wapi, ya tatu ombi lenyewe, pamoja na kiungo. Usilalamike juu ya umaskini. Wakikataa hujapoteza kitu. Malipo yanapita kwa kadi pepe ya Visa au Mastercard ya mtandao wa simu. Weka salio la ziada kidogo kwa makato ya kubadilisha fedha, la sivyo itakataa ukadhani tovuti ndiyo mbovu.

Ada ya pili nisingeipeleka mbali. Kuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997, ambako watazamaji watacheka pale ulipotaka wacheke bila kusoma chochote, na kuna Udada la Nairobi, tamasha la wanawake. Ungefika kwa boti au kwa basi. New York ni tofauti: kuchaguliwa si viza, na barua ya mwaliko haimlazimishi ofisa yeyote. Masharti hubadilika, hivyo soma tovuti ya ubalozi wao kabla ya kununua chochote, na uliza tamasha kama unaweza kuongea na watazamaji kwa njia ya video.

Mambo matatu usiyamalize kwa simu wala kwa maandishi yangu. Mkataba wowote wa usambazaji unaotaja "haki zote" au "milele", umpelekee wakili uso kwa uso kabla ya kusaini. Suala la nani anamiliki wimbo, nenda COSOTA na jina la wimbo na la mwimbaji mkononi. Na kabla ya kuwasilisha, itazame filamu kwenye chumba kikubwa chenye spika za kweli. Ulizia vituo vya sanaa na utamaduni: Nafasi Art Space pale Mikocheni, au Goethe-Institut na Alliance Française pale Upanga, kama wana siku ya maonyesho. Waalike watu kumi wasiojua hadithi, wewe ukae safu ya nyuma kabisa uwatazame wao. Pale wanapoinama kuulizana "kasemaje?", andika dakika.

Siku ya mwisho ikitajwa kuwa 11:59 pm ya New York, yaani saa sita usiku kasoro dakika moja kwao, kwetu ni asubuhi inayofuata: saa moja kasoro dakika moja wakati wa kiangazi chao, saa mbili kasoro dakika moja wakati wa baridi yao. Usisubiri asubuhi hiyo, umeme ukikatika hakuna wa kumlilia. Ukishawasilisha, neno la siri la kiungo chako usilibadilishe na filamu usiiondoe hadi jibu lifike, hata kama ni miezi minne, kwa sababu mteuzi anayebonyeza na kukuta pamefungwa huenda asirudi tena.